Mvua Ile, na Mimi Nisiyekula Ngano

Kabla mvua haijaanza nilikuwa nimeshachoka. Nasema hivi kwa sababu watu wanaponiuliza habari za mafuriko yale ya mwisho wa miaka ya tisini hudhani ni maji yaliyonichosha. Maji yalinikuta hivyo hivyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Garissa, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, na kwa miaka kadhaa tumbo langu lilikuwa halipatani na chakula. Nilikula, likafura, kisha nikakimbilia chooni mpaka magoti yakalegea. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilifundisha hesabu nikiwa nimekaa, nikiandika sehemu ya chini tu ya ubao, pale mkono ulipofika bila kusimama.

Nilipewa dawa za minyoo, za amiba, za vidonda vya tumbo. Nilinywa maji ya kombe, ya aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa. Majirani walisema ni jicho la mtu. Mimba iliharibika, kisha nyingine nayo ikaharibika, na baada ya hiyo ya pili nikawa sisemi tena na mtu juu ya tumbo langu. Nilihisi limekuwa habari ya mji mzima isipokuwa mimi.

Mwishowe mume wangu alinipeleka Nairobi kwa daktari mmoja wa Kihindi, mzee mpole, aliyenipitishia mpira mwembamba kooni na kunyofoa kipande cha utumbo kidogo kuliko punje ya mchele. Tuliporudi kuchukua majibu alitukalisha wote wawili.

"Mama, ngano ndiyo inayokuumiza," alisema. "Ndani yake kuna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wako unapigana nacho. Kimo kwenye shayiri pia. Dawa sina. Acha ngano kabisa, hata chembe, na utapona."

"Niache kwa muda gani?"

"Maisha yako yote."

Nje kwenye korido mume wangu alicheka. Hakunicheka mimi. Alicheka kama mtu aliyekuja kusikia habari ya kifo akaikosa. "Ngano tu?" akasema. "Wallahi, moyoni nilikuwa nimeshauza ngamia wa kukutibu."

Yeye hakuwa mtu wa jikoni, ndiyo maana aliweza kusema "ngano tu". Katika nyumba yetu, asubuhi ilikuwa ni anjera, ule mkate mwembamba wenye vishimo vishimo, wa unga mweupe uliochachuka usiku kucha. Mchana ilikuwa basta, yaani tambi, na kama si basta basi chapati. Jioni anjera tena, au mkate wa duka kwa chai. Mgeni aliwekewa sambusa na mandazi kabla hajavua viatu. Mwanamke aliyesema hataki vitu hivyo alikuwa kama anasema hataki salamu.

Na jikoni palikuwa pa mama mkwe wangu. Tuliishi kwake. Aliniita "hooyo", neno letu la mama, kwa sababu kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile ambalo mwana humwita yeye. Mimi nami nilimwita hooyo. Alikuwa amezaliwa porini upande wa Liboi, akaolewa mjini, na alijivunia anjera yake kuliko dhahabu ya sikioni. Nilipomweleza maneno ya daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo daktari ana mke?"

"Sijui, hooyo."

"Hana. Mtu mwenye mke hawezi kusema maneno hayo. Watu hukatazwa chumvi, hukatazwa sukari. Mgonjwa ndiye hupewa mkate."

Hata hivyo majuma ya kwanza yalienda vizuri. Nilikula wali, nyama ya mbuzi, maziwa ya ngamia, ugali. Tumbo lilianza kutulia. Niliweza kusimama ubaoni. Mama mkwe alinitazama nikila wali kila siku, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayecheza na kitu cha watu, akaniacha.

Ndipo mume wangu akaenda Habaswein kununua mbuzi, na nyuma yake mvua ikafunga.

Garissa tunaijua mvua kama mgeni wa haraka: inapiga, inanusa vumbi, inaondoka. Ile haikuondoka. Ilinyesha mpaka ua ukawa dimbwi, dimbwi likaingia chooni, na choo kikaingia uani. Mto Tana ulipanda ukafunika mashamba ya ndizi. Barabara ya Nairobi ikakatika, na ile ya Wajir ikageuka tope ambalo malori yalizama mpaka kwenye taa. Mume wangu alituma habari kwa simu ya upepo: yuko salama Habaswein, harudi nyuma wala haendi mbele. Shule ilifungwa, na madarasa yakapewa watu waliohama kando ya mto. Nikawa wa kukaa ndani, mimi na mama mkwe, na bati la jikoni likipigwa juu ya vichwa vyetu mchana kutwa hata kuongea kukawa kazi.

Mchele ndio uliotangulia kwisha madukani. Kisha unga wa mahindi. Kilichobaki, na kilichobaki tele, kilikuwa unga wa ngano. Mwingine ulitoka kwenye mgao wa kambi za wakimbizi, Dagahaley na kwingineko, ambao ulikuwa umefika mjini kabla njia hazijafungwa. Mwingine uliletwa kwa ndege, ukagawiwa nyumba kwa nyumba. Tulipata wetu. Mama mkwe aliupokea mlangoni kwa dua ndefu, akauweka juu ya meza ili usilowe, na tangu siku hiyo mfuko ule ulikuwa pale sebuleni kama mgeni aliyepewa kiti kizuri.

"Bado nyama ipo," nilijiambia. "Bado maziwa yapo."

Haikuchukua muda mbuzi wakaanza kuharibu mimba na kufa, kisha watu wakashikwa na homa ya ajabu, wengine wakitoka damu. Gari la serikali lilipita likitangaza kwa kipaza sauti: msichinje, msile mnyama aliyekufa, msinywe maziwa mabichi. Nilisimama dirishani nikisikiliza. Nyama na maziwa ndivyo vilivyokuwa ngome yangu.

Kilichobaki kwangu kilikuwa kunde kidogo, sukari, chai kavu, na mkebe mmoja wa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikakauka na kuhifadhiwa ndani ya samli. Ule mkebe ulitengenezwa kabla ya mvua, wakati mbuzi walikuwa wazima. Nilikula kijiko kimoja kwa wakati. Nilichoka namna mtu anavyochoka akifikiria chakula tangu anapoamka. Njaa yenyewe haikuniuma kama kule kupanga, kuuliza, kukataa, kushukuru, kukataa tena.

Mama mkwe aliniona ninakonda upya na hakuweza kuvumilia. Siku moja alijifunga leso kichwani, akatoka kwenye tope, akaenda hadi shuleni kwangu, kwa watu wa mtoni. Alirudi na mwanamke mmoja mkulima, mpana wa mabega, aliyekuwa analala na binti zake katika darasa langu. Mwanamke huyo alikuwa ameokoa gunia la mtama kabla maji hayajalichukua shamba. Wanawe walikuwa wamechoka na mtama, walitaka chapati. Wakabadilishana pale pale barazani: unga wetu wa ngano kwa mtama wake, bakuli kwa bakuli. Waliongea Kiswahili, kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, na Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa na herufi zake, p ikitoka b.

"Hii mtoto yangu tumbo yake nakataa ngano," alimwambia, akinionyesha kwa kidevu. "Mimi nabika mtama sasa. Nabika kama wakati ya zamani."

Basi tukaanza anjera ya mtama. Tulitwanga, tukachekecha, tukachachusha. Ilitoka nyeusi nyeusi, yenye harufu nzuri ya uchachu, lakini ilikatika kila ilipoguswa. Mama mkwe aliibandua kwenye kikaango vipande vipande, akinung'unika. Mimi nilifurahi. Nilikula vipande hivyo kwa samli na sukari, na kwa siku chache nikajiona mtu.

Baadaye anjera ikaanza kutoka nzima. Laini, inayokunjika. "Mkono umezoea," mama mkwe akasema. Nilimsifu. Nikala zaidi.

Na tumbo likarudi kule kule. Kufura, kukimbia uani kwenye mvua, magoti, jasho baridi. Nililala kitandani nikiangalia bati na kufikiri kwamba yule daktari alikosea. Kama hata mtama unaniumiza, basi shida si ngano. Shida ni mimi. Nakumbuka utulivu ulionijia na wazo hilo, utulivu mbaya. Niliamua kwamba mvua ikiisha nitakula mkate kama watu wengine na yatakayokuwa yatakuwa. Angalau ningepumzika na kazi ya kujieleza.

Niliondoka kitandani mchana mmoja kutafuta maji ya kunywa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya sufuria ya uji wa anjera, na ndani ya kiganja chake kulikuwa na unga mweupe. Aliudondosha taratibu, akakoroga, akachota tena.

Hakunisikia kwa sababu ya bati. Nilisimama pale. Nilitaka kupiga kelele, ila kelele inahitaji nguvu. Nilikaa chini, papo hapo kizingitini, kwenye saruji iliyolowa.

Aligeuka. Aliniona, akauona mkono wake mwenyewe.

"Ni kidogo tu," akasema. "Ili ishikane."

"Tangu lini, hooyo?"

"Ilikuwa inakatika. Ulikuwa unakula makombo kama kuku. Nikaona aibu."

"Ndiyo iliyonilaza."

"Kiganja tu! Kiganja kinaweza kumlaza mtu mzima?"

"Kinanilaza mimi," nilisema. "Daktari alisema hata chembe. Sikukataa mkono wako, hooyo. Mkono wako naupenda. Unga huu unaniua."

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo. Mama mkwe aliweka mwiko chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mwanamke yule ambaye hata pilipili iliyodondoka chini aliiokota: aliinua sufuria nzima, akatoka nayo mvuani, akaimwaga nyuma ya ukuta. Alirudi ameloa, akaketi karibu yangu kizingitini.

"Nataka nikuambie kitu," akasema. "Mimi mama yangu hakujua ngano."

Alikamua maji kwenye pindo la nguo yake.

"Kule kwetu porini, ngano haikuwepo. Tulikunywa maziwa, tukala nyama ikipatikana, mtama na mahindi tukibadilisha na watu. Ngano niliikuta hapa mjini, nilipoolewa. Wanawake wa hapa walinicheka sijui kukanda unga. Nilijifunza kwa machozi. Sasa wewe mwalimu, mke wa mwanangu, nikulishe chakula cha porini mbele ya majirani? Watasema nakunyima."

Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile bila kulijua hilo. Nilidhani anjera nyeupe alizaliwa nayo.

"Nilishe hicho cha porini," nikamwambia. "Majirani nitawajibu mimi."

Asubuhi yake alisugua kikaango kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa, akafua kitambaa cha kuchekechea, akatenga mwiko na sufuria, akasema hivi ni vya hooyo, yaani vyangu, asiviguse mtu. Mfuko wa ngano uliobaki ulitoka sebuleni ukaenda wote kwa yule mkulima, mama wa mtoni.

Kuanzia hapo tulikula vizuri. Sisemi tulikula vingi. Alichemsha kunde polepole juu ya makaa yaliyolowa, tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka maganda yakapasuka, akazimwagia samli ya moto na sukari. Huo ni mlo wa jioni wa watu wetu, na nilikuwa nimeudharau tangu utoto kama chakula cha wasio na kitu. Alipika uji wa mtama wa kuchachuka, mzito, uliokaa tumboni bila kugombana. Mahindi makavu yaliyopatikana aliyasaga akaoka mikate minene ya duara, migumu kwa nje, ambayo tuliivunja na kuichovya kwenye mchuzi wa kunde. Nyirinyiri ilipokaribia kwisha, alikwangua mkebe kwa mkate huo huo na kunipa mimi.

Lakini kubwa lilikuwa samaki.

Maji yalipotapakaa mashambani, kambare walitapakaa nayo. Mama wa mtoni alikuja barazani na kambare mwenye sharubu, mrefu kama mkono, bado anapumua. Alimleta kwa shukrani ya unga. Mama mkwe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Watu wetu wa ngamia hawali samaki. Kwetu samaki ni kama nyoka aliyepotea njia.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake, akijifunika pua kwa shela, "hii kitu iko na macho, naniangalia mimi."

"Mkwe wako atapata nguvu," mama wa mtoni akamjibu. "Samaki hana homa ya mbuzi."

Mama mkwe alinitazama mimi, akamtazama kambare. Niliona vita vyote usoni pake. Kisha akavuta pumzi.

"Haya. Hii nabika namna gani?"

Alifundishwa palepale: kupaka majivu ili utelezi utoke, kukata, ndimu nyingi, chumvi, bizari, kitunguu, kisha mchuzi mwembamba. Alipika akiwa amegeuza uso pembeni, mkono umenyooka, kama mtu anayelisha mamba. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikacheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nimewahi kula samaki yeyote wa mto. Nyama yake ilikuwa laini, yenye ladha ya tope kidogo na ndimu nyingi. Nilikula na ugali wa mtama, nikalamba vidole, nikaomba tena.

"Ana ladha gani?" aliuliza, bado mbali.

"Onja."

"Mungu apishe mbali."

Mama wa mtoni aliendelea kumletea samaki, na mama mkwe aliendelea kupika akitazama pembeni. Tumbo langu likatulia tena, safari hii likakaa. Niliweza kuteka maji bila kupumzika njiani. Uchovu haukuniacha, lakini ulibadilika. Ule wa zamani ulikuwa wa ndani ya mifupa. Huu ulikuwa wa kutwanga, kuchekecha, kupuliza moto unaokataa kuwaka, na kuwaambia wanawake waliokuja kutujulia hali, mmoja mmoja, kwamba hapana, si mimba, si nadhiri, si kiburi, ni ngano. Nikimaliza kumweleza huyu, yule anabisha hodi. Siku nyingine mama mkwe aliwajibu kabla yangu: "Amekatazwa. Mwacheni ale mtama wake." Hakuna dawa niliyowahi kupewa iliyoniletea nafuu kama sentensi hiyo.

Mvua ilipopungua, malori yalianza kujikokota kutoka Wajir. Mume wangu alifika alasiri moja, amekonda, ndevu zimechakaa, bila mbuzi hata mmoja. Wote walikuwa wamekufa Habaswein. Alisimama uani akitafuta maneno ya kumwambia mama yake. Hakuyapata, kwa sababu alimkuta ameketi jikoni, sahani pajani, akitoa mwiba wa samaki mdomoni.

"Hooyo," akasema, "unakula nini?"

Mama mkwe hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, maana nami nilikuwa sijui kwamba alikuwa ameanza kuonja.

"Keti," alimwambia mwanawe. "Nawa mikono. Mbuzi Mungu amewachukua, nimeshasikia. Wewe umebaki."

Mume wangu alikula. Mwanzoni kwa ncha za vidole, halafu kwa mkono mzima. Alisimulia jinsi mbuzi walivyoanguka, jinsi alivyoishi kwa mahindi ya kuchemsha, jinsi alivyofikiri juu yangu na ule unga wa misaada ambao kila mtu njiani alimwambia umejaa Garissa. "Nilijua umekufa njaa au umekufa kwa ngano," alisema. Aliutazama uso wangu kwa muda, akaushika kidogo shavuni mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halifanywi, kisha akarudi kwenye sahani.

Sikumwambia habari ya kiganja cha unga. Mama mkwe ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya kawaida, akipanguza sufuria, na alipomaliza akaongeza kwamba sasa anajua, na mwenye neno aseme.

Jua lilikuwa limetoka kwa nguvu na uani palikuwa panafuka mvuke. Wao wawili walibaki wakizungumza juu ya mifugo, na nani amepoteza nini, na wapi pa kuanzia tena. Mimi nilikuwa nimeshiba. Niliingia chumbani, nikajinyoosha kwenye mkeka, na nikalala usingizi mzito wa mchana. Hakuna aliyeniamsha.